Sista na Begi Lake la Samaki

Kwenye mazishi yake walisema alikuwa mama mpole. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, kwenye kiti cha plastiki, nikisikiliza msemaji mmoja baada ya mwingine akishika maikrofoni na kumpaka asali: mpole, mnyenyekevu, mama wa kusikiliza ushauri. Nikatazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyekuwa akijizuia kucheka. Sista, wa kusikiliza ushauri? Mimi ndiye niliyemshonea begi la samaki, tena zaidi ya mara moja, na ninasema hapana. Mkitaka kumsifu, msifuni kwa kile alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kwa wingi ni ubishi.

Niseme mapema pia kwamba hakufa maji. Wapo waliolitabiri hilo kwa miaka, na wengine nadhani walikuwa wameanza kulingojea. Alifia kitandani kwake mtaani Kamenu, Thika, amekauka kabisa, na angepata nafasi ya kuwacheka angewacheka mpaka wakome.

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi. Huku kwetu muuguzi mwanamke ni Sista hata akistaafu, hata akiwa na wajukuu, hata akipita njiani na gambuti za mpira na kofia iliyopauka huku akinuka tilapia. Aliingia dukani kwangu Ruiru mara ya kwanza akiwa amekumbatia begi kubwa la barafu, lile la kubeba vitu vya baridi, ambalo zipu yake ilikuwa imekatika. Mimi ni fundi wa makochi, viti vya magari na maturubai. Nilifungua begi lile na harufu ikanirudisha nyuma.

"Mama, hii ilikuwa na nini?"

"Usiniite mama, sijakuzaa. Niite Sista. Ilikuwa na samaki."

"Kumbe unauza samaki."

"Siuzi. Nashika."

Nikadhani nimemsikia vibaya. Watu wa rika lake hapa kwetu, wengi wao walikua bila kuweka samaki mdomoni, na huyu anasema anawashika mwenyewe. Nikamwuliza anawashikia wapi, akanieleza bila kupumua. Kulikuwa na hoteli moja ya kando ya mto iliyofungwa, ikauza viti, sufuria, na vijimashua vyake vya wageni kuchezea, vya plastiki, vya mtu mmoja na kasia moja lenye vibao viwili. Kayaki. Alinunua moja ya manjano. Akaipeleka kwenye bwawa la zamani la shamba la kahawa, juu ya Witeithie, mahali ambapo kahawa imeng'olewa yote na ardhi imekatwa ploti, ila bwawa limebaki kwa sababu hakuna mtu anayeweza kujenga nyumba juu ya maji. Ingawa nina hakika wamelifikiria.

Kutoka siku hiyo nilimjua kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote vita vyake vilikuwa vimoja: watu walitaka kumtoa majini. Chama cha akina mama kanisani kilianza. Kuna mama mzee mmoja wa chama aliyemwambia hadharani kwamba samaki ni nyoka wa maji na kwamba mjane mwenye heshima hakai juu ya plastiki akitanua miguu. Sista alinisimulia jibu lake akiwa bado anafura kwa hasira.

"Nikamwambia, mimi nimezalisha nusu ya hii mji. Kama sikuogopa hiyo maji ya kuzaa, nitaogopa hii?"

Kisha kulikuwa na kifungua mimba wake, mwenye hosteli za wanafunzi Kahawa Wendani, mtu wa shati lililopigwa pasi. Yeye alianza kwa aibu, ila baadaye aibu iliisha ikabaki hofu ya kweli, na ninajua hivyo kwa sababu nilimwona usoni. Nitamfikia.

Kwanza begi. Ukitaka kumjua Sista lazima ulijue begi, maana pale ndipo akili yake yote ilipokuwa. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi akisafirisha chanjo vijijini kwa vile visanduku vyenye barafu vya wauguzi, na akaihamishia desturi ile yote kwa samaki. Usiku kabla ya kwenda bwawani alilaza ndani ya begi chupa za soda zilizogandishwa maji, akalifunga, akaliacha lipoe lenyewe. Asubuhi alizitoa hizo na kuweka nyingine zilizoganda vizuri. "Begi ikiwa na joto," alisema, "inakula barafu kabla samaki afike." Barafu ya kuvunjwavunjwa hakuitaka, kwa sababu ikiyeyuka samaki wanaogelea tena, safari hii wakiwa wamekufa, na nyama inalegea. Samaki aliyeshikwa aliuawa papo hapo kwa pigo moja, akakatwa mashavu damu itoke, akasuuzwa, akalazwa katikati ya chupa. Kifuniko kikafungwa. Hakikufunguliwa tena mpaka samaki mwingine.

Nilimtania siku moja kwamba tilapia hana haja ya kuchanjwa. Akaniangalia vile ninavyofikiri aliwaangalia wanafunzi wa uuguzi wodini.

"Fundi, joto haijui hii ni dawa na hii ni chakula. Yote inaharibu."

Na bado, mtu huyo huyo aliyelinda ubaridi namna hiyo alikuja kwangu akitaka begi la pili liwe jeusi. Nikamwambia jeusi linavuta jua. Akasema jeusi halionyeshi uchafu. Nikamwambia tena. Akasema, nani analipa? Nikalishona jeusi, turubai zito nje, katikati sponji ngumu ya mikeka ya kulalia isiyonyonya maji, ndani ile karatasi nene inayong'aa, na chini kizibo cha kumwagia maji. Kazi safi. Haukupita muda akarudi, akalitupa juu ya mashine yangu na kuuliza kwa hasira, "Nani alichagua hii rangi?" Nikamshonea kifuniko cha juu cheupe, na mpaka anakufa hakuwahi kukubali kwamba jeusi lilikuwa wazo lake.

Kulifunga begi kwenye kayaki ndiko kulikomfundisha zaidi, maana hapo alikosea kama vile mtu yeyote wa Thika angekosea. Mtu wa bodaboda ndiye aliyembebea mizigo mpaka bwawani siku za mwanzo, na kwa wema wake akamfungia begi nyuma ya kiti cha kayaki. Sasa sisi wote tunajua mtu wa boda anavyofunga mzigo. Anachukua blada, zile kanda za tyubu kuukuu za gurudumu, anazivuta mpaka zinalia, anazipitisha juu, chini, juu tena, mpaka mzigo na pikipiki vinakuwa kitu kimoja.

"Mathe, hiyo imeshikana," alimwambia. "Hata ukipinduka haitoki."

Ni kweli, haikutoka. Shida ni kwamba mzigo wa boda hufungwa ili ufike. Haufunguliwi njiani. Sista alifika katikati ya bwawa, akashika kambare mnene, akageuka kufungua begi, akakuta blada zimepita juu ya kifuniko mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Kambare yuko mapajani anapigapiga. Yeye anavuta blada kwa mkono aliopeleka nyuma bila kuona. Kayaki ikalala upande, maji yakaingia, na akaona mbele yake jambo lenyewe ambalo chama kizima kilikuwa kikimtabiria. Alimtupa kambare majini. Alinieleza kwamba kumtupa yule samaki kulimuuma kuliko hofu.

Mtu mwingine angesema basi, nimeonywa. Yeye alikuja Ruiru kesho yake, akanichorea kwa chaki kwenye sakafu ya duka langu. Mikanda miwili ipite chini ya begi na pembeni, isipite juu. Klipu za plastiki kama za begi la shule, za kubonyeza na kuachia. Begi lilale kwa urefu, chini kabisa, kwa sababu likisimama upepo unalisukuma na mashua inageuka kabla hujageuka wewe. Na kamba moja ndefu, imelegea, kutoka kwenye begi mpaka kwenye mashua, ili mambo yakipinduka begi lielee karibu badala ya kwenda zake.

"Na wewe je?" nikamwuliza. "Tukufunge pia usipotee?"

"Mimi sifungwi kwa kitu yoyote. Samaki wakitaka kuzama, wazame bila mimi."

Nampenda mpaka leo kwa sentensi hiyo. Alikuwa hawezi kuogelea, na jaketi la kuelea hakulivua hata akiwa bado nchi kavu akisubiri bodaboda, mpaka watoto wa Witeithie wakawa wanampungia mkono. Hakuona aibu. Alisema ujasiri ni kitu kimoja na ujinga ni kingine, na kwamba ameosha miili ya wanaume wengi waliovichanganya.

Lakini msidhani alikuwa chuma mahali pote. Aliogopa vyura. Mwanamke aliyeweza kushona kidonda huku akizungumza habari za bei ya unga alifungua begi siku moja bwawani, akakuta chura amejikalia juu ya chupa ya barafu, na kwa mujibu wa mlinzi wa shamba kelele zilisikika mpaka barabarani. Mlinzi alifikiri ndio siku yenyewe imefika. Na samaki wake mwenyewe hakumla isipokuwa amekaangwa mpaka akawa mkavu kama ganda la mti. Wengi aliwagawa kwa majirani wa Kamenu, akisimama mlangoni kukagua kama jiko lao ni safi. Na dawa za presha, ambazo maisha yake yote aliwagombeza wagonjwa kwa kuziruka, yeye aliziruka. Nikimwuliza, alisema zinamfanya akojoe sana akiwa majini. Hilo sikulicheka wakati ule, na baadaye nilitamani ningemgombeza.

Maana ilifika asubuhi ambayo kifungua mimba wake alimkuta kwenye sakafu ya jikoni. Alilazwa kwa kiharusi. Aliporudi nyumbani, mdomo ulikuwa umenyooka, miguu ilikuwa inatembea, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umechoka. Uliweza kuinuka. Haukuweza kukaza. Watu wa kanisa walikwenda kumwombea, na sina neno na maombi, ila nasikia mmoja wao alishukuru kwa sauti kwamba sasa mambo ya bwawa yamekwisha. Sista alifungua macho katikati ya maombi na kumwomba mtu huyo aende akachemshe chai.

Haukupita muda mrefu nikapigiwa simu. Ilikuwa sauti ya kijana wake.

"Fundi, nisaidie kama mzazi. Mum atakuja hapo na ile begi. Mwambie haishoneki. Mwambie hata hiyo kitambaa haiko tena."

"Kwa nini usimwambie wewe?"

"Mimi nimemwambia mpaka nimechoka. Ikitoka kwangu ni vita. Ikitoka kwako, ni begi tu imeharibika." Akaongeza: "Mimi ndio nilimpata kwa sakafu. Wewe hukuona."

Ni kweli sikuona. Nilikata simu nikiwa nimemwahidi nusu, na nikakaa mbele ya mashine bila kushona. Kusema uongo mdogo juu ya kitambaa ilikuwa rahisi. Sista angekasirika, angekwenda, angekaa kwenye kochi lake Kamenu na kuishi.

Alikuja. Alishuka kwenye teksi polepole, begi likining'inia begani kulia, mkono wa kushoto ameupachika mfukoni kama mtu aliyepumzika. Akaliweka begi mezani.

"Nataka hii ifunguke na mkono moja. Ifungike na mkono moja. Na isikae nyuma tena, siwezi kugeuka. Ikae hapa mbele, katikati ya magoti."

Nikakohoa. Nikashika turubai, nikalipapasa, nikaanza kusema kwamba kitambaa cha namna hii siku hizi...

"Amekupigia," akasema.

Nikaliachia turubai.

"Sema basi. Sema hiyo maneno alikwambia useme, niisikie na mdomo yako."

"Amepiga, Sista. Anaogopa."

"Najua anaogopa. Hata mimi naogopa, unafikiri mimi ni jiwe?" Alikaa kwenye kochi la mteja, lile lisilo na kitambaa, juu ya springi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikaa bila kuambiwa karibu. "Sikiza, Fundi. Mimi nimelea wagonjwa. Kuna wenye walikaa kwa kiti wakisema nitaenda nikipona, na hawakupona, na hawakuenda. Nilikuwa nawabadilishia shuka. Mimi siendi kwa maji kwa sababu nimepona. Naenda kwa sababu siwezi kungojea. Sasa niambie, utashona ama nitafute fundi mwingine Thika?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kunitia kati, nikamkasirikia kijana kwa jambo hilo hilo, na nilipomaliza kuwakasirikia wote wawili nilijikuta nimeshika mkasi. Kitambaa kilikuwepo. Kingi tu, nyuma yangu, na wote wawili tulikuwa tunakitazama.

Tulifanya kazi mchana kutwa. Zipu niliitoa nikaweka velkro pana, ule utepe wa kunatana, na kwenye ukingo wa kifuniko nikashona kitanzi kikubwa cha kupitisha vidole vinne, avute mara moja kifunguke. Nikalipunguza begi kimo likae chini ya magoti, uzito wake uwe katikati. Mikanda nikaifupisha ili klipu zote mbili ziwe upande wa kulia. Kisha akanitolea kasia aliloshuka nalo kwenye teksi, akataka kitanzi kingine upande wa kushoto cha kuushikilia mkono mchovu. Nilikishona kimbane. Akaingiza mkono, akautikisa, akakataa.

"Hii inanifunga. Legeza. Nikipinduka mkono itoke yenyewe."

Nikalegeza. Akalifunga begi kwenye mguu wa meza yangu na kulifungua, akalifunga na kulifungua, kwanza akitazama, kisha amefumba macho, jasho likimtiririka, mpaka wateja wangu wawili wakaacha kudai makochi yao wakabaki kumshangilia. Hakuwashukuru. Aliniambia tu siku atakayokwenda bwawani, na kwamba mimi pia nije.

Nilifika asubuhi nikamkuta ameshavaa jaketi. Kayaki ilikuwa ukingoni, begi mahali pake. Mlinzi alikuwa amesimama mbali, hataki kuwa shahidi. Muda si muda gari likateremka kwenye vumbi, na kijana wake akatoka akiwa na viatu vya ofisi. Nilimgeukia Sista nikijiandaa kuapa kwamba si mimi niliyesema.

"Nimemwita mwenyewe," akasema. "Sitaki kuingia kwa maji kama mwizi."

Kijana alikuja mbio mpaka ukingoni. Alikuwa amejaa maneno, nadhani aliyapanga barabarani kote kutoka Wendani, lakini alipoona mkono wa mama yake umelala juu ya kasia maneno yakamkauka.

"Maitu," akasema. "Mama, tafadhali. Nakuomba."

"Umeomba vizuri. Hapana."

"Ukianguka huko katikati nani atakufikia? Fundi? Fundi anajua kuogelea?"

Sijui kuogelea. Nikatazama miti.

"Hakuna mtu atanifikia," Sista akasema. "Hiyo nimeifikiria kabla yako. Nina jaketi, sitaenda mbali na ukingo, na nimekuita ndio unione nikienda, si ndio unizuie. Sasa acha kusimama hapo. Shika hapa nyuma, isitingike nikikaa."

Na huyu mtu mzima, mwenye hosteli na wapangaji na walinzi wa kuamrisha, akaingia majini na viatu vyake. Akashika mpini wa nyuma wa kayaki kwa mikono miwili. Sista akakaa upande mmoja, akavuta mguu, kisha wa pili. Akasogeza begi katikati ya magoti, akabonyeza klipu ya kwanza, akabonyeza ya pili, akalivuta kuhakikisha. Akauinua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia na kuupitisha kwenye kitanzi.

"Sasa achilia."

Hakuachilia. Maji yalikuwa yamempanda mpaka magotini na suruali ilikuwa imemgandama, naye alikuwa anatazama vile vidole vya kushoto ambavyo havikukaza. Mimi pia nilikuwa ninavitazama. Niliogopa, nasema wazi, na kama angenigeukia wakati huo aniulize, sijui ningejibu nini.

Sista hakugeuka. Hakuweza kugeuka.

"Unashika kayaki ama unanishika mimi?"

Mikono ya kijana ilibaki kwenye mpini.

"Kayaki nitarudisha," akasema. "Achilia."

Akaachilia. Sista akapiga kasia upande wa kulia, kisha, polepole sana, upande wa kushoto.